Pindo, mji na jina: jinsi ya kudizaini ukurasa wa pasipoti ambao urithi wenyewe ndo ulinzi

Watu wengi ukiwaambia wadizaini pasipoti yenye "utamaduni wetu" wanafanya kitu kilekile, wanatafuta picha ya twiga, wanamweka katikati, Mlima Kilimanjaro nyuma yake, wanaififisha kidogo ili mihuri ionekane, imeisha hiyo. Ulinzi wanawaachia watu wa kiwandani, eti wao ndo wataongeza yale mawimbi yao juu. Sasa hapo umetengeneza vitu viwili ambavyo havijuani. Twiga amekaa kama stika, mawimbi yamekaa kama chandarua, na anayetaka kughushi anafurahi kwasababu hiyo picha ya twiga printa yoyote ya mtaani inaitoa.

Hapa tunafanya kinyume chake, urithi wenyewe tunaupa kazi ya ulinzi. Niseme mapema, mi sijawahi kudizaini pasipoti ya nchi yoyote, nimefanya vyeti, tiketi na vocha miaka mingi, na pasipoti naitumia kama zoezi kwa vijana ninaowafundisha dizaini maana ni ukurasa mdogo ambao hauna nafasi ya ujinga. Ukishaweza huo, cheti cha chuo hakikusumbui.

Anza na kanga. Siongei mafumbo, chukua kanga kabisa itandaze kitandani uiangalie. Kuna pindo linalozunguka pande zote nne, kuna mji katikati, kuna jina chini ya mji. Vitu vitatu tu. Na mama yeyote wa pwani akishika kanga anajua bila kuambiwa kama imechapwa vibaya, rangi zikihama kidogo anaona, pindo lisipokutana kwenye kona anaona, anairudisha dukani. Huo ndo ukaguzi wa pasipoti huo! Ofisa wa mpakani ana sekunde chache, hana muda wa kukusoma, anatafuta kitu ambacho jicho lake limezoea na sasa hivi kimekaa vibaya. Kwahiyo ukurasa wetu tutaupanga hivyohivyo: pindo linakuwa ile michoro ya laini zinazosukana, mji unakuwa picha kuu, na jina linakuwa maandishi madogo yasiyoonekana kwa macho.

Jambo la kisheria kwanza tulimalize. Usichore pasipoti ya nchi halisi hata kwa mazoezi, na ngao ya taifa usiiguse kabisa. ICAO, lile shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwenye waraka wake namba 9303 ambao ndo unaongoza pasipoti za dunia nzima, mifano yao wenyewe wanatumia nchi ya kubuni inaitwa Utopia, herufi zake UTO, na abiria wao wa mfano ni dada mmoja anaitwa Anna Maria Eriksson. Tumia UTO na wewe, na andika SAMPULI kubwa kukatiza ukurasa.

Vifaa: kompyuta yenye programu ya vekta, yaani inayochora kwa laini siyo kwa vidoti (Inkscape ya bure inatosha), lenzi ya kukuza mara kumi kama ile ya masonara, na tochi ya UV, ile ambayo mawakala wa pesa wanakagulia noti. Na pasipoti yako mwenyewe kama unayo. Hizi za kielektroniki za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambazo Kenya ilianza kuzitoa Septemba 2017 na Tanzania ikazindua Januari 2018, zinatosha kabisa kujifunzia. Kile kimstatili chenye duara katikati pale mbele kwenye jalada ndo kinasema ndani kuna chipu. Zima taa ya chumbani, washa tochi, funua ukurasa mmoja mmoja taratibu. Kaa nayo nusu saa usiguse kompyuta.

Ukimaliza weka lenzi kwenye ukurasa wa viza, afu weka lenzi kwenye picha ya gazeti. Gazeti utaona vidoti, bluu, pinki, njano, nyeusi, vimepangwa kama shanga. Pasipoti utaona laini, laini safi za rangi moja moja, kama ni kijani basi ni wino wa kijani uliokorogwa kijani tangu kwenye kopo. Hii tofauti ndo msingi wa kila kitu ninachosema hapa. Printa ya ofisini haina kijani, ina rangi zake nne na kijani anakidanganya kwa kuchanganya vidoti, kwahiyo kopi ikiwekwa chini ya lenzi inajisema yenyewe. Kwahiyo sheria ya kwanza ya dizaini yako: hakuna picha, hakuna kivuli cha kupuliza, kila kitu ni laini. Urithi wowote unaotaka kuutumia jiulize kwanza, je unaweza kugeuka laini?

Na hapa ndo kuna vilio. Kila mtu anakuja na Tingatinga. Naipenda sana, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar miaka ya mwisho ya 60 kwa rangi za mafuta za bei nafuu, zile za kung'aa, kwenye ubao mgumu, na uzuri wake wote upo kwenye eneo kubwa la rangi moja iliyokolea. Sasa eneo kubwa la rangi moja iliyokolea ndo kitu kibaya kuliko vyote kwenye ukurasa wa viza, muhuri hausomeki, na kughushi ni rahisi. Unaweza kuokoa madoa-doa yake tu, yale madoa mgongoni kwa chui, ukayajaza laini. Vinyago vya Wamakonde, vile vya watu waliopandana wanasukana, hivyo sasa ni dhahabu, maana vimeshakuwa laini zinazopita juu na chini ya nyingine. Ukili wa mkeka pia. Nakshi za milango ya Zanzibar na Lamu, ule mnyororo unaozunguka fremu, samaki, mawimbi, zote ni laini.

Basi tufanye pindo. Mi huwa napenda kutumia Husuni Kubwa ya Kilwa, lile jumba la sultani ambalo magofu yake bado yapo pale kisiwani, ndani yake kulikuwa na bwawa la kuogea la pembe nane. Pembe nane! Yaani nusu ya kazi umeshafanyiwa. Chora pembe nane moja, izungushe nyuzi 5, tena nyuzi 5, ukifika mara tisa inarudi ilipoanza kwasababu pembe nane inajirudia kila nyuzi 45. Utapata ua la laini zinazokatana. Sasa laini zake zilegeze ziwe mawimbi badala ya kunyooka, afu chukua laini ya kwanza na ya mwisho uiambie programu ikuzalishie za katikati 30. Hiyo wachapaji wanaita giloshi. Ugumu wa kuiga hautokani na urembo, unatokana na kwamba namba ulizotumia (nyuzi ngapi, mawimbi mangapi, nafasi kiasi gani) unazo wewe tu. Mwenye skana anapata umbo, namba hapati.

Unene wa laini weka kati ya milimita 0.05 na 0.1. Hesabu ndogo: printa ya nukta 1200 kwa inchi, nukta yake moja ni kama milimita 0.021, kwahiyo laini ya 0.05 ni nukta mbili na kidogo, hiyo "na kidogo" ndo inayoiua, laini inakatika-katika au inavimba. Ukiprinti zoezi lako ofisini usishangae likitoka bovu, linatakiwa litoke bovu. Kwa kulikagua liprinti mara tatu ya ukubwa wake kwenye A3, ukurasa wa pasipoti ni milimita 88 kwa 125 kwahiyo mara tatu unaingia vizuri.

Kona! Usisahau kona. Pindo lazima likutane kwenye kona bila kuungwa-ungwa. Vijana wengi wanachora upande mmoja, wanakopi pande nne, kona wanaficha na ua. Nitarudi kwenye hili.

Mji sasa. Hapa weka picha moja tu, siyo nchi nzima. Laini zilale sambamba ukurasa mzima, nafasi robo milimita, na picha itokee kwa laini kunenepa na kukonda, siyo kwa kuongeza rangi. Jahazi kwa mfano, tanga lake linakuwa laini zilizokonda, mwili wake laini zilizonenepa. Skana ikipita juu ya laini za namna hii, vipimo vyake na vipimo vyako vinagombana na kopi inatoa mabaka kama maji yenye mafuta. Rangi tumia mbili zinazoyeyukiana, upande wa kushoto udongo wa Kilwa, kulia bahari, na katikati hakuna mpaka, kiwandani wanaziachia wino mbili zichanganyikie kwenye mashine moja. Na iwe nyepesi. Nyepesi kuliko unavyodhani. Chukua muhuri wowote wa ofisini ugonge juu, usiposoma tarehe umeharibu.

Kuna ukurasa mmoja ambao unaruhusiwa kukolea, ule wa ndani ya jalada. Pale ndo wanapenda kuweka uchapaji wa kuinuka, wino unasimama juu ya karatasi unaukwaruza kwa kucha unausikia. Weka nakshi ya mlango pale. Mlango wa Zanzibar ukiuangalia saa sita mchana jua likiwa utosini hauna maajabu, ukiuangalia jioni jua likija kwa ubavu kila ua linatoka nje. Wino wa kuinuka unafanya hivyohivyo: laini zako zilale upande mmoja, ndani ya umbo la siri zigeuze zisimame, ukiangalia wima huoni kitu, ukilaza kitabu usawa wa jicho umbo linatokea. Fundi wa nakshi na mchapaji wa pasipoti wanatumia akili moja.

Tuje kwenye jina, mi ndo napopapenda. Kwa ICAO maandishi ya maikro ni yale yaliyo chini ya milimita 0.25. Kwa macho ni laini tu, kwa lenzi yanasomeka, kwa kopi yanakuwa uchafu. Nchi nyingi zinarudia tu jina la nchi, sawa, ila sisi tuna hazina ya majina ya kanga halafu tuandike jina la nchi mara elfu? Chagua vizuri lakini, majina mengi ya kanga ni vijembe, usije ukamfanya ofisa wa Schengen akatafsiriwa mpasho. Mi natumia MGENI NJOO MWENYEJI APONE, inafaa pasipoti kama imeandikiwa. Herufi kubwa zote, bila nafasi kati ya maneno, fonti isiyo na mikia, maana mikia inajaa wino. Herufi 22, kila moja na nafasi yake ichukue milimita 0.2, methali nzima ni milimita 4.4, kwahiyo upana wote wa ukurasa, 88, unameza methali mara 20. Kwenye moja ya hizo ishirini badili herufi moja makusudi, APONE iwe APOME, uandike kwenye daftari lako ni ya ngapi kutoka kushoto. Anayeiandika upya kwa kuhisi ataisahihisha, na akiisahihisha umemkamata.

Kwenye cheti kimoja nilichofanya zamani niliweka maikro nikajisifu kwa mteja, kumbe aliyechapa alikipeleka kwenye printa ya kidijitali ili apunguze gharama, maandishi yote yakawa laini ya kijivu na cheti "halali" na cheti cha kughushi vikawa havina tofauti. Tangu siku hiyo naenda kiwandani na lenzi yangu mfukoni, nakagua karatasi ya kwanza kabla mashine haijaendelea.

Mbele na nyuma. Hili limenifurahisha kuliko yote. Sarafu za kale za Kilwa zina maandishi ya Kiarabu yenye vina, jina la sultani upande mmoja na upande wa pili sentensi inamaliziwa, kina kinakutana ukiigeuza. Pasipoti ina mchezo huohuo: nusu ya umbo mbele ya karatasi, nusu nyuma, ukiinua kwenye taa nusu mbili zinakamilishana. Printa ya kawaida ikigeuza karatasi inahama nusu milimita na umbo linavunjika. Chora duara la sarafu, gawa laini zake, laini moja mbele, moja nyuma, moja mbele, moja nyuma. Na nambari ya pasipoti inayotobolewa kwa leza kupita kurasa zote, matundu yake yanapungua upana kadiri yanavyoenda nyuma, kwahiyo mpangie nafasi yake mapema usije ukaiweka sarafu yako palepale.

UV. Karatasi ya kawaida ukiimulika inawaka bluu-nyeupe kwasababu ya dawa ya kung'arisha, ileile iliyomo kwenye sabuni ya unga, ndo maana shati lako linawaka disko. Karatasi ya pasipoti haina hiyo dawa, inabaki gizani na wino maalum ndo unawaka peke yake. Kosa la wengi ni kuweka nyota na bendera zisizohusiana na kilichopo mchana. Waangalie Norway: studio ya Neue ilishinda shindano la kudizaini pasipoti yao 2014, zikaanza kutolewa 2020, mchana kurasa zina milima na fiodi (ghuba nyembamba zinazoingia katikati ya milima) kwa laini chache tu, ukiwasha UV mandhari ileile inakuwa usiku na ile mianga ya kaskazini inatokea angani. Hadithi moja, saa mbili tofauti. Kwetu fanya hivi: mchana Husuni Kubwa kama ilivyo leo, magofu na mibuyu. UV ikiwaka, kuta zinakamilika, taa zinawaka madirishani, jahazi liko bandarini. Laini za UV zianzie pale zinapoishia za mchana, zipishane hata kidogo zinajulikana. Nimechagua jumba la sultani na siyo msikiti mkuu wa palepale Kilwa ingawa msikiti ni mzuri kuliko, kwasababu ukiweka nyumba ya ibada moja utaulizwa ya pili iko wapi.

Kurasa zikishakuwa nyingi zifanye zijuane. Pasipoti ya Finland ya 2012 ina mnyama wao wa msituni, Waingereza wanamwita moose, kongoni mkubwa wa baridi tuseme, yuko pembeni ya kila ukurasa na ukizipeperusha haraka anatembea. Watu waliichukulia kama kichekesho, mi naona ni ulinzi mzuri tu, ukinyofoa karatasi moja mnyama anaruka hatua. Jahazi lako liondoke Kilwa ukurasa wa kwanza lifike Lamu wa mwisho.

Ukurasa wa taarifa siku hizi ni plastiki ngumu ya polikaboneti, picha inachomwa na leza ndani kwa ndani, inatoka nyeusi na kijivu, kwahiyo urembo wako uwe kwenye kuinuka na kushuka kwa plastiki kuliko kwenye rangi. Zile mistari miwili ya chini ya kusomwa na mashine, herufi 44 kila mmoja, usiiguse, na huko Kiswahili kinapata kipigo kidogo: hakuna alama ya ng', Ng'ang'a anakuwa NGANGA. Ndo sheria. Juu pale kwenye sehemu ya kusomwa na binadamu hakikisha fonti yako ina hiyo alama na imekaa vizuri, heshima ya jina la mtu.

Kuchagua urithi, tahadhari chache maana hapa ndo panaunguza nchi kuliko wino. Ramani acha. China 2012 ilichapa ramani yenye Bahari ya Kusini ya China ndani ya kurasa, Vietnam na Ufilipino zikagoma kugonga mihuri humo, India ikaanza kugonga viza zenye ramani yake yenyewe. Watu pia ni mtihani, Uingereza 2015 ilitoa pasipoti ya wasanii na wabunifu, Shakespeare kwenye alama ya maji (ile picha iliyo ndani ya karatasi unayoiona ukiinua kwenye mwanga), malalamiko yakaja kwamba wanawake ni wawili tu. Kanada nayo 2023 iliondoa sanamu ya ukumbusho wa vita ya Vimy na picha ya Terry Fox, yule kijana wao aliyekimbia kuchangisha pesa za saratani, ikaweka misimu na wanyama, wenyewe wakakasirika. Kwahiyo kuweka unalaumiwa na kutoa unalaumiwa. Kwa nchi yenye makabila zaidi ya 120 mi nashauri kazi za mikono kuliko sura na mavazi, ukili unasukwa na watu wengi. Na kama muundo una wenyewe waombe, usichukue shanga za Wamasai kwasababu tu umezipiga picha.

Mwisho kukagua. Chapa kurasa tatu nzuri na moja uliyoiharibu makusudi, changanya, wape watu wawili ambao hawajui dizaini, wakala wa pesa mmoja na mama wa kanga mmoja, sekunde kumi kila ukurasa. Mi niliwapa wakala wa mtaani kwetu na shangazi yangu. Wakala alikimbilia UV moja kwa moja, akaikamata ile mbovu. Shangazi hakutaka tochi wala lenzi, alizipanga zote nne mezani kama anachagua doti dukani, akaikamata ile mbovu, afu akaongeza na moja ya zile nilizodhani ni nzuri. "Hii nayo mwanangu, pindo halikutani." Nikaweka lenzi, kona ya juu kulia, laini mbili kati ya thelathini zilikuwa zimepishana upana wa laini moja. Nilikuwa nimekopi pande nne nikaficha na ua.

Nikarudi nikaichora kona upya, mkono mmoja, bila kukopi.